Injini za Upande wa Kulia

2 Novemba 1916, Zegevold

Kapteni Zaretski amenipa daftari hili leo asubuhi. "Luka," amesema, "fundi asiyeandika tabia za injini zake ni mpiga ramli tu. Andika." Nikaitikia kwa sauti ya kiaskari. Sasa nimekaa nalo, na jambo la kwanza linalotaka kuandikwa si la injini hata kidogo. Naogopa. Naogopa kurudi angani, na hapa hakuna ninayeweza kumwambia, maana wiki ijayo wananivisha Msalaba wa Mtakatifu Georgi kwa ushujaa.

Ushujaa wenyewe ulikuwa hivi. Ndege yetu ina injini nne zilizokaa juu ya bawa la chini, mbili kila upande. Wenye ndege ndogo za injini moja wanatucheka, wanaiita ghala lenye mabawa. Sisi tunaiita meli. Injini mbili za kushoto ni za Yefim Drozd. Za kulia, namba tatu na namba nne, ni zangu. Mwezi uliopita risasi ya Mjerumani ilitoboa bomba la petroli la namba tatu. Nilitoka mlangoni, nikatambaa juu ya bawa, nikaliziba tundu kwa kidole gumba dakika ishirini mpaka tukavuka mstari wetu. Wenzangu wanasema nilikuwa nacheka. Mimi nakumbuka kwamba nilijikojolea, na mkojo ukaganda.

5 Novemba

Mvua. Hatukuruka. Ashukuriwe Mungu.

9 Novemba

Nimevishwa. Jenerali mmoja mfupi alilazimika kusimama juu ya vidole vya miguu ili anifikie kifuani, na pini ikanichoma. Sikupiga kelele, kwa hiyo labda shujaa kidogo nimo.

Gari la jenerali halijafika barabarani, Yefim akanishika mkono. "Haya, sasa uoshwe huo."

"Uoshwe na nini? Na chai?"

Kwetu nishani isiyooshwa haikai kifuani. Hutumbukizwa kwenye kikombe cha kinywaji kikali, mwenyewe hunywa mpaka chini, huiopoa kwa meno, kisha kikombe huwazungukia wenzake. Baba alikuwa akinisimulia habari za mtu wa kijijini kwetu aliyeosha ya kwake kwa maziwa kwa sababu ya ubahili, hakumaliza wiki. Lakini tangu vita vianze vodka imepigwa marufuku nchi nzima, na adhabu yake haina mzaha.

"Ghalani kwako kuna debe la spiriti," Yefim akasema.

"Hiyo ni ya rejeta."

"Kwani rejeta zimepewa msalaba?"

Spiriti hiyo huchanganywa na maji ya rejeta ili yasigande juu kwenye baridi. Yefim alikuwa ameshajaza injini zake wiki iliyopita. Debe lililobaki lilikuwa la injini zangu, na ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni kwangu. Tulikubaliana tuchukue kikombe kimoja tu. Bwana weee! Kikombe kimoja kilikuja na watu ishirini. Waliimba, walinibusu, fundi wa meli namba sita alilia akimtaja mkewe. Jua lilipotua nusu ya debe ilikuwa imekwenda.

10 Novemba

Kichwa. Tumejaza debe kwa maji ya kisima. Yefim anasema maji na spiriti hufanana kama mapacha, na shehena mpya itafika kutoka Pskov kabla ya baridi kali. Naomba awe mkweli.

13 Novemba

Nimeimimina kwenye namba tatu na namba nne. Kapteni alipita, akainamia rejeta akanusa, akasema, "Safi."

24 Novemba

Theluji imeyeyuka yote. Uwanja ni tope tupu. Kila asubuhi, kabla sijasali, natoka kwenda kukitazama kipimajoto kilichopigiliwa mlangoni mwa banda. Leo digrii tatu juu ya sifuri. Nikasali kwa moyo mweupe.

6 Desemba

Mama Lize, Mlatvia mwenye shamba tunakolala Yefim na mimi, amechinja nguruwe. Sisi tulidhani tunaitwa kula. Kumbe kwanza alilichomoa bandama, akalilaza ubaoni na kulipapasa kwa kidole kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Huku mbele ni kichwa cha majira ya baridi," akasema, "na huku nyuma ni mkia wake. Penye unene ndipo penye baridi. Tazameni wenyewe."

Mbele lilikuwa jembamba kama ulimi wa paka. Nyuma lilikuwa limenenepa kama ngumi yangu.

"Mwisho wa Januari, wanangu, mtavaa soksi juu ya soksi."

"Mama Lize," Yefim akacheka, "jeshi letu lina maprofesa wa hali ya hewa wenye miwani. Wewe unatuletea nguruwe!"

"Maprofesa wako walisema leo mvua," Mama Lize akamjibu. "Imekunyeshea?"

Haikuwa imenyesha. Yefim alikula sahani mbili. Mimi nilisema nina kiungulia.

19 Desemba

Tumeruka. Digrii sita chini ya sifuri. Mkono mmoja ulishika mshikio wa dirisha muda wote, wa pili ulikuwa mfukoni ukibana msalaba. Injini zangu hazikulalamika. Nilipokanyaga ardhi nilitaka kuwakumbatia hata mbwa.

25 Desemba

Krismasi. Goti la nguruwe na kabichi. Shehena ya Pskov haijafika, treni zote zinabeba nyasi za farasi.

8 Januari 1917

Nimekwenda hospitali ya kikosi kumwomba muuguzi spiriti. Nilimwambia nina baridi yabisi. Akaniuliza wapi, nikasema mgongoni, akaniambia nivue shati. Akanipaka kwa pamba kiasi cha kijiko kimoja, akafunga chupa. Nimerudi nikinukia vizuri na mikono mitupu.

Yefim alipendekeza chumvi. Nikamwambia chumvi itaila shaba ya rejeta. "Itaila mwaka ujao," akasema, "mwaka ujao tutakuwa nyumbani." Tuliangaliana tukaliacha.

20 Januari

Digrii nane chini.

21 Januari

Digrii kumi na saba. Ndoo ya Mama Lize imegandamana na ukingo wa kisima. Amri imekuja: anga likiwa safi tunaruka kwenda stesheni ya Tukum, nyuma ya mstari wa Wajerumani.

Nilimkuta Yefim bandani akipaka girisi. Hatukuwa na mtu karibu.

"Tukamwambie kapteni," nikasema. "Wote wawili, leo hii."

"Tukamwambie nini? Kwamba bwana shujaa ameiba spiriti ya jeshi wakati wa vita? Unajua wanafanyaje? Wanakuvua msalaba mbele ya kikosi kizima, halafu mahandaki, mstari wa mbele kabisa. Mama yako ameshampelekea padri picha yako!"

"Na ikiganda?"

"Injini inayozunguka haigandi. Ni jiko lile."

"Na tukifika? Kapteni si hupunguza injini zote ili tushuke kimyakimya juu ya stesheni? Jiko likizimwa, Yefim?"

Alijifuta girisi kidole kimoja kimoja. "Basi tutaomba ashuke haraka," akasema.

Nikatoka nikaenda mpaka mlangoni kwa kapteni. Nilimsikia ndani akiimba huku akinyoa ndevu. Niliinua mkono kubisha, nikaushusha. Nikauinua tena. Kisha nikajiambia kesho huenda kukawa na ukungu, nikarudi zangu. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimeshapita sabini, na kila moja niliihesabu kama zawadi badala ya kuiona kama onyo.

22 Januari

Ukungu! Nimelala mchana kama mtoto.

23 Januari

Ukungu.

24 Januari

Ukungu unakatika. Digrii ishirini na nne. Yefim hatanii tena.

28 Januari

Hili ni la tarehe 26. Mkono haukuwa tayari kuandika kabla ya leo.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, anga jeupe, digrii ishirini na sita chini ya sifuri hapo uwanjani. Huko juu sikukitazama kipimajoto, sikutaka kujua. Tulikuwa wanne: kapteni kwenye usukani, Luteni Golubin na mabomu yake, Yefim na mimi. Injini nne zikinguruma huwezi kusema na mtu mpaka uweke mdomo sikioni kwake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mawazo yake. Mimi sikuyatoa macho kwenye mishale ya joto ya namba tatu na namba nne. Ilikuwa mahali pake. Saa nzima ilikuwa mahali pake, na nikaanza kumdharau nguruwe wa Mama Lize.

Karibu na Tukum kapteni akapunguza injini. Mngurumo ukafa, zikabaki waya zikipiga mluzi. Tulishuka, tukashuka, tukashuka. Nilikuwa nahesabu kwa kunong'ona. Golubin alianza kuachia mabomu nilipofika mia mbili na kumi, na chini mabehewa yakafumuka moto. Walikuwako watu kule. Sikuwafikiria hata kidogo, na hilo nalo naliandika.

Kisha kapteni akazifungua injini ili tupande. Za kushoto zikaitikia. Namba nne ikakohoa, ikatoa mvuke kwenye kifuniko, mshale wake ukaruka juu kabisa, na pangaboi lake likasimama. Likasimama tuli, kama kipande cha ubao kilichopigiliwa angani. Barafu ilikuwa imeziba chini ya rejeta, maji hayakuzunguka. Mshale wa namba tatu ukaanza kupanda nao.

Kila mtu ndani alijua maana yake. Injini mbili zikifa upande mmoja, meli itaelemea kulia na haitainuka tena. Kuna dawa moja tu. Mtu anatoka bawani na blanketi la sufu, anaufunika uso wa rejeta ili upepo usiupige, na joto la injini linayeyusha barafu. Kapteni aligeuza kichwa akanitazama, akanionyesha mlango kwa kidevu. Upande wa kulia ni wangu.

Nikachukua blanketi. Nikafungua mlango. Upepo ukanipiga usoni, nikaona bawa, na kamba, na msitu mweupe chini kati ya mbao. Nikaiambia miguu iende. Haikwenda. Mikono ilishika kizingiti na haikuachia. Nilikuwa na akili zangu zote, nilijua ni mimi niliyeijaza ile rejeta maji, nilijua tunakufa, na bado sikuweza kutoa mguu wangu nje ya ule mlango.

Yefim alitoka upande wake. Hakunitukana. Alinigusa bega kama mtu anayeomba apishwe sokoni, akanitoa blanketi mikononi, akapita.

Nilimwona dirishani. Alifika kwenye namba tatu, akalitandaza blanketi, akafunga mkanda wa juu, akawa anafunga wa chini ukakatika. Sufu ikaanza kupigapiga. Akailalia kwa kifua na kuishika kwa mikono yote miwili, pembe huku na pembe huku. Glovu yake ya kushoto ilipeperuka nikaiona ikienda. Mshale wa namba tatu ulisimama. Baadaye ukashuka kidogo. Sote tuliokolewa na kile kidogo.

Ndipo nilipoweka mdomo sikioni kwa kapteni nikapiga kelele: "Ni maji, mheshimiwa! Spiriti tuliinywa, mimi na Yefim! Tuliosha msalaba wangu!" Hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele na mikono kwenye usukani, na mngurumo ulikuwa mkubwa. Nadhani hakusikia.

Dakika arobaini. Yefim hakuweza kurudi ndani, maana angeachia blanketi tu lingekwenda. Tulitua naye akiwa bawani. Watu watatu walipanda kumtoa, na ilibidi wamfungue vidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa anatabasamu kwa sababu uso wake ulikuwa umeganda hivyo.

30 Januari

Luteni Golubin amefungua rejeta ya namba nne. Ndani kulikuwa na uji wa barafu. Nilisimama pale pale nikingoja aniulize. Hakuniuliza.

"Bahati yako, Luka," akasema. "Rafiki yako amekiri hospitalini. Anasema alikuibia ufunguo ukiwa usingizini, akachukua spiriti peke yake, akaiuza. Unatakiwa kusaini tu kwamba hukujua."

"Watamfanya nini?"

"Watamfunga wa nini mtu asiye na mikono? Atarudishwa kwao bila heshima. Na bila posho ya walemavu, bila shaka. Mwizi halipwi na jeshi."

Daktari amemkata vidole saba. Kwao Yefim ni seremala. Ana mke, Marfa, na watoto watatu, na wa mwisho hajawahi kumwona.

Karatasi iko mbele yangu. Mstari wa kusaini ni mfupi kuliko jina langu. Nikiuacha mtupu nitapelekwa mahandakini, na nimeyaona mahandaki kutoka juu, ni mstari wa tope wenye moshi. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Msalaba uko kwangu na kilio kiko nyumbani kwa Yefim. Sasa niambieni mwoga ni nani.

31 Januari

Sijasaini.

1 Februari

Sijasaini. Golubin amekuja mara mbili.

2 Februari

Nimekwenda kwa kapteni baada ya chai ya asubuhi. Safari hii nilibisha haraka, kabla mkono haujapata nafasi ya kufikiri.

Nikasema yote. Msalaba, watu ishirini, maji ya kisima, ule mlango. Nikamwambia Yefim hakuiba ufunguo wala hakuuza kitu, na kwamba upande wa kulia ulikuwa wangu. Sauti ilitetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikauvua msalaba nikauweka mezani.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa, mheshimiwa."

"Na Oktoba, ulipoziba bomba?"

"Siku ile nilijikojolea, mheshimiwa."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Nilikusikia, Luka," akasema. "Kule juu. Ulinipigia kelele sikioni mpaka leo linavuma. Nimekaa siku saba ninangoja uyaseme hapa chini, pasipo na kelele. Ungeyasema tarehe 21 ningekutukana, ningekufunga siku tatu, na Yefim angekuwa na mikono." Alivuta karatasi. "Drozd atapata posho yake, nitaandika mwenyewe. Wewe siwezi kukusaidia. Na nikiweza, sitaki."

Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Alikuwa na haki.

4 Februari

Naondoka kesho na kikosi cha miguu. Leo nimeruhusiwa kwenda hospitali.

Yefim amelala karibu na jiko, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Alifurahi kuniona. Nikamweleza nilichofanya, na furaha ikamtoka usoni.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote."

"Mpumbavu wewe! Mpumbavu mwana wa mpumbavu! Mimi mikono imeshakwenda, haina tena wa kuirudisha. Nikasema basi walau mmoja wetu abaki na ngozi yake. Nimedanganya mbele ya msalaba na Biblia kwa ajili yako, wewe unakwenda kujitumbukiza! Mama yako atamwambia nini padri?"

"Atamwambia kwamba Marfa atakula."

"Usimtaje Marfa. Toka."

Akageukia ukutani. Sikutoka, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nikakaa kwenye kigoda. Muuguzi alipita na supu, akaondoka nayo. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya adhuhuri ilipolia, mimi nikiutazama mgongo wake na kufikiri kwamba huu ndio mgongo nitakaoukumbuka nikiwa kule.

Nikaona anahangaika. Alisugua uso kwenye mto, akaacha, akasugua tena. Aliinua bandeji moja hadi usoni, akaguna kwa maumivu, akaishusha. Kisha akanigeukia, macho mekundu, amekasirika vile vile.

"Nikune pua basi," akasema. "Unangoja nini?"

Nikainama nikamkuna.